Damu ya Watu: Kuongezewa Damu na Saratani ya Utumbo Mpana, London 1818 hadi Leo

Makala haya yalianza kwa kosa la tafsiri. Mwenzetu mmoja chamani alimsindikiza bibi yake hospitalini, hapa mashariki ya London. Bibi ni mzaliwa wa Tanga, na ameishi Uingereza zaidi ya miaka thelathini bila kuhitaji Kiingereza kingi kuliko cha sokoni na cha basi. Alikuwa amegundulika ana saratani ya utumbo mpana, upande wa kulia, na damu yake ilikuwa imepungua sana. Mkalimani aliyeahidiwa hakutokea. Ukatafutwa ukalimani wa simu, simu ikakatika. Basi mjukuu akaibeba kazi mwenyewe, na mambo yakaenda vizuri mpaka daktari wa upasuaji alipofika kwenye suala la damu.

"Bibi," mjukuu akasema, "anasema siku ya operesheni huenda wakakubadilisha damu."

Bibi akamtazama. "Wanibadilishe damu? Yangu wataipeleka wapi?"

Walimu wetu watacheka, lakini sisi tuliojifunza Kiswahili jikoni na kwenye viti vya nyuma vya gari tunaijua shida hii. Jina la kila chungu tunalo, majina ya mambo ya hospitali hatuna. Katika Kiswahili cha hospitali mtu huongezewa damu. Wazee wengine husema hutiwa damu. Kubadilishwa damu ni tiba nyingine kabisa, ambapo damu ya mgonjwa hutolewa na nyingine kuingizwa mahali pake, kama wanavyofanyiwa baadhi ya watoto wachanga wenye manjano kali na baadhi ya wagonjwa wa selimundu. Mwenzetu alijisahihisha, lakini bibi alikuwa ameshaamua. "Damu ya watu siitaki," akasema. "Na nimesikia damu ya watu huirudisha saratani."

Alipotusimulia haya kikaoni, wengi wetu tulicheka. "Hayo ni mambo ya mumiani," mmoja akasema. Mwenzetu mwingine, anayesoma biolojia, hakusema kitu, alikwenda kutafuta. Wiki iliyofuata alirudi na habari iliyotunyamazisha. Hofu ya bibi ilikuwa imechapishwa mwaka 1982 katika Lancet, jarida la madaktari linalotolewa hapa hapa London tangu 1823, na kwa miaka zaidi ya 40 madaktari wa nchi nyingi wamekuwa wakiichunguza. Bibi hakuwa amebuni kitu. Alikuwa amelisikia swali la kweli, limepita midomo mingi mpaka likafika kwenye baraza la kina mama likiwa limeshageuka kuwa jibu.

Tukaamua kulifuata swali hilo nyuma hadi lilipoanzia. Hakuna daktari miongoni mwetu. Tuko wanafunzi wa historia, wa lugha, na huyo mmoja wa biolojia. Tulitumia Jumamosi mbili kutembelea sehemu za London zinazohusika, na jioni kadhaa maktabani na majuzuu ya zamani ya Lancet.

Tulianzia kusini ya London Bridge, ilipo Guy's Hospital. Ni kweli kwamba London ilijaribu kumtia mtu damu mapema zaidi: Novemba 1667, mbele ya wanachama wa Royal Society, Richard Lower na Edmund King walimwingizia Arthur Coga damu ya kondoo, wakamlipa shilingi 20. Coga alinusurika. Lakini huko Ufaransa majaribio ya namna hiyo yalileta kifo na kesi mahakamani, na kwa muda wa miaka 150 hivi jambo lenyewe likaachwa. Aliyelifufua ni James Blundell, daktari wa uzazi wa Guy's. Alikuwa amechoka kuwaona wanawake wakifa kwa kutokwa na damu baada ya kujifungua, naye akisimama tu. Kwanza alijaribu kwa mbwa. Akathibitisha jambo ambalo John Henry Leacock, kijana wa Barbados aliyesomea udaktari Edinburgh, alikuwa ameshalishikilia: damu ya mnyama wa jinsi nyingine huua. Binadamu apewe ya binadamu.

Tulidhani mgonjwa wa kwanza wa Blundell atakuwa mzazi. Sivyo. Mwaka 1818 mtu wa kwanza aliyemwingizia damu ya watu wengine alikuwa mwanamume aliyekuwa akitapika kila anachokula, kwa sababu njia ya kutokea tumboni ilikuwa imezibwa na uvimbe mgumu. Kwa maneno ya leo tungesema saratani ya tumbo. Alikuwa amekonda kabisa, anakata roho. Blundell alichukua damu ya watu kadhaa, akaiingiza kidogo kidogo kwa bomba la sindano, jumla kama wakia 14, ambazo ni kiasi cha mililita 400. Mgonjwa akapata nafuu kidogo. Baada ya saa 56 akafa.

Tulikaa na kisa hiki kuliko vingine vyote, kwa sababu swali lote la makala haya limo ndani yake. Mtu ana saratani. Anapewa damu. Anakufa. Je, damu ndiyo iliyomuua? Hakuna aliyedai hivyo mwaka 1818, maana kila mtu aliona alikuwa anakwenda tangu mwanzo, na damu aliletewa kwa sababu hiyo hiyo. Lakini wafikirie wagonjwa 1,000 wa namna yake, hali zao zimeandikwa kwenye faili tu, na anayezisoma hakuwahi kuwaona nyuso. Hapo mambo si mepesi tena. Blundell mwenyewe alifanikiwa baadaye kwa wazazi, na mwaka 1829 Lancet ilichapisha habari za mwanamke aliyeokoka kwa njia yake. Hata hivyo tiba ilibaki ya kubahatisha, kwani hapakuwa na aliyejua kwamba damu za watu zina makundi mpaka Karl Landsteiner wa Vienna alipoyatambua mwaka 1901.

Upande wa utumbo una historia yake tofauti, na ulikuwa na hospitali yake. Mwaka 1835 Frederick Salmon alifungua chumba cha vitanda saba katika mtaa wa Aldersgate kwa ajili ya maskini wenye maradhi ya puru. Puru ni ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Tunalitaja neno hili makusudi, kwa kuwa nusu ya wanachama wetu hawakuwa wakilijua na nusu nyingine wanaona haya kulitamka. Salmon hakuona haya. Miongoni mwa aliowapasua ni Charles Dickens, mwaka 1841, kwa fistula. Hospitali ikahamia City Road mwaka 1854 na kuitwa St Mark's, na jengo lake tulilipita kwa miguu mvua ikinyesha. Mwaka 1995 ilihamia Northwick Park, karibu na Harrow.

Kwa muda mrefu, saratani ya puru ilikuwa hukumu. William Ernest Miles, daktari wa upasuaji wa London, aliwafuatilia wagonjwa 57 aliowapasua kwa njia ya zamani, kupitia chini tu. 54 kati yao saratani iliwarudia. Mwaka 1908 alichapisha katika Lancet njia mpya: kupasua tumboni na chini kwa pamoja, kuondoa puru yote na tezi za limfu zinazoizunguka, na kumwachia mgonjwa tundu la choo tumboni. Ilikuwa operesheni nzito ajabu. Katika wagonjwa wake wa mwanzo zaidi ya theluthi moja walikufa kwa operesheni yenyewe, wengi wao wakiwa wameishiwa nguvu na damu. Kwa hiyo damu na utumbo vilikutana: bila njia salama ya kuongeza damu, operesheni ya Miles ingebaki ya wachache wenye miili ya chuma.

Njia hiyo salama ilipatikana kwa sehemu kubwa kusini ya London, na si kwa profesa yeyote. Percy Lane Oliver alikuwa mtumishi wa serikali ya mtaa na katibu wa kujitolea wa tawi la Msalaba Mwekundu Camberwell. Mwaka 1921 hospitali ya King's College ilipiga simu kuomba mtu wa kutoa damu haraka. Oliver na wenzake walikwenda, na muuguzi mmoja miongoni mwao ndiye aliyefaa. Baada ya hapo Oliver na mkewe waliandaa orodha ya majirani waliokubali kuitwa wakati wowote, usiku au mchana, bila malipo, na simu ikawa inalia nyumbani kwao. Huo ndio mwanzo wa uchangiaji damu wa hiari ulioandaliwa, ambao nchi nyingi zimeuiga. Mwaka uliofuata Geoffrey Keynes, daktari wa upasuaji wa London aliyejifunza kazi ya damu katika vita vya 1914 hadi 1918, alichapisha kitabu cha kwanza cha Uingereza juu ya kuongezewa damu.

Hapa inabidi tuvuke bahari, kwa sababu miaka ile ile ambayo watu wa Camberwell walikuwa wanaitwa kwa simu kutoa damu, babu na bibi za babu zetu walikuwa wanafunga milango jioni wakiogopa kunyonywa damu. Pwani waliitwa mumiani. Nairobi na Kampala watu walisema ni wazimamoto, wanaume wa gari jekundu wanaomkamata mpita njia na kumwondoa damu itumike kutengenezea dawa za Wazungu. Frederick Johnson, katika kamusi yake ya 1939 ambayo walimu wetu hutulazimisha kuifungua, anaeleza mumiani kuwa dawa nyeusi kama gundi iliyotumiwa kwa maumivu na mifupa iliyovunjika, kisha anaongeza kwamba wengi waliamini ni damu ya watu waliouawa. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi haya Kenya, Uganda na kwingineko, akayachapisha kitabu mwaka 2000, na kwa maoni yetu alifanya vyema kutoyacheka. Camberwell aliyeomba damu alikuwa jirani anayejulikana kwa jina, na unaweza kumkatalia. Chini ya ukoloni aliyekuja na sindano alikuwa mtu wa serikali, serikali ile ile iliyochukua kodi na ardhi bila kuomba. Watu wakisema huyu anachukua na damu pia, si wajinga; wanaeleza wanachokiona kwa njia waliyo nayo. Bibi wa mwenzetu alizaliwa katika miaka ya mwisho ya masimulizi hayo yakiwa na nguvu. Anasema mama yake alikuwa akimwita ndani magharibi kwa neno hilo moja tu.

Bibi ana hoja nyingine pia: kwamba kwao ugonjwa huu haukuwapo. Angempata wa kumuunga mkono. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Ireland aliyefanya kazi Uganda kuanzia miaka ya 1940 hadi 1964, na ambaye jina lake limebaki katika saratani ya taya za watoto, aliporudi London alitangaza kwamba saratani ya utumbo mpana ni adimu vijijini Afrika kwa sababu watu wanakula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi. Mwaka 1971 aliandika makala mashuhuri juu ya jambo hilo. Tunamheshimu, lakini tunaongeza neno moja: wazee wangapi walikufa vijijini kwa tumbo lisilojulikana, bila kufika Mulago wala hospitali yoyote wakahesabiwa?

Sasa turudi kwenye swali lenyewe. Lilianzia kwenye figo. Mwaka 1973 Gerhard Opelz na Paul Terasaki, huko California, walionyesha kwamba wagonjwa waliokuwa wameongezewa damu kabla ya kupandikizwa figo waliikubali figo hiyo vizuri zaidi kuliko wasioongezewa. Ilishangaza. Ilionekana kwamba damu ya mtu mwingine huituliza kinga ya mwili, ikaacha kupigana na mgeni. Kwa mwenye figo mpya hiyo ni heri. Lakini mwenye saratani je? Kinga yake ndiyo askari wa kuwinda chembe za saratani zilizobaki baada ya kisu. Mwaka 1981 barua fupi katika Lancet iliuliza hivyo hivyo. Mwaka 1982 Lewis Burrows na Paul Tartter wa New York wakaleta hesabu, tena katika Lancet: miongoni mwa wagonjwa wao wa saratani ya utumbo mpana, walioongezewa damu walirudiwa na ugonjwa zaidi kuliko wasioongezewa.

Hapo ndipo zilipozuka tafiti kwa makumi. Nyingine zilikubali, nyingine zilikataa, na tukizisoma mfululizo tulichanganyikiwa mpaka yule mwenzetu wa biolojia alipotoa mfano. Chukua kijiji, akasema, uhesabu watu waliokwenda kwa mganga mwaka huu na watu waliobaki shambani. Waliokwenda kwa mganga watakuwa wamekufa wengi zaidi. Utasema mganga anaua? Huenda anaua, huenda haui. Kwa hesabu hiyo peke yake hujui, kwa sababu wazima hawaendi kwa mganga. Ndivyo ilivyo kwenye damu. Anayeongezewa ni yule ambaye uvimbe wake umekuwa ukivuja damu miezi mingi, hasa ulioko upande wa kulia kama wa bibi. Au uvimbe mkubwa ulioshikana na viungo vingine. Au aliyelala mezani saa nyingi. Au mzee mwenye moyo dhaifu. Cuthbert Dukes, mwanapatholojia wa St Mark's, alikuwa ameonyesha tangu 1932 kwamba kinachoamua zaidi ni saratani imefika wapi: bado imo ndani ya ukuta wa utumbo, imeutoboa, au imeshafika kwenye tezi za limfu. Anayelinganisha walioongezewa na wasioongezewa bila kuangalia hayo analinganisha wagonjwa mahututi na wenye nafuu.

Njia ya kutoka ni kuwapigia wagonjwa kura, na Waholanzi wakaifanya. Rotterdam waliwagawa wagonjwa 475 wa saratani ya utumbo mpana na puru kwa bahati nasibu: wakihitaji damu, hawa wapewe ya watu wengine, hawa wapewe yao wenyewe iliyotolewa na kuhifadhiwa kabla ya operesheni. Kama damu ya watu ndiyo yenye ubaya, kundi la kwanza lingerudiwa na ugonjwa zaidi. Matokeo yalichapishwa 1993. Makundi mawili hayakutofautiana. Ila walioongezewa damu, iwe yao au ya watu, walifanya vibaya kuliko ambao hawakuhitaji hata tone. Tuliisoma sentensi hiyo mara mbili tatu. Damu yako mwenyewe, iliyotoka mkononi mwako, haiwezi kuitwa mgeni, na bado dalili mbaya ni ile ile. Inayozungumza kwa sauti kubwa zaidi ni ile haja ya damu, na sababu zilizoileta.

Laiti mambo yangeishia hapo, makala yangekuwa mafupi. Utafiti mdogo wa Munich wa miaka hiyo hiyo ulielekea upande mwingine. Na kulikuwa na jambo la pili, la maambukizi, ambalo halikufutika. Denmark waliwagawa wagonjwa 589 wa upasuaji wa utumbo mpana kwa bahati nasibu kati ya damu iliyochujwa chembe nyeupe na damu ya kawaida ya wakati huo. Matokeo yalitoka katika Lancet mwaka 1996: waliopewa isiyochujwa walipata usaha wa vidonda na majipu ya tumboni zaidi. Basi bibi hakukosea moja kwa moja. Chembe nyeupe za mtu mwingine si abiria wasio na neno.

Uingereza sasa huchuja chembe nyeupe katika damu yote inayotolewa. Ilianza kufanya hivyo mwaka 1999, na tulitarajia kusoma kwamba ni kwa ajili ya wagonjwa wa utumbo. Hapana. Ilikuwa kwa hofu ya ugonjwa wa ubongo uliohusishwa na ng'ombe wenye kichaa. Wagonjwa wa saratani walifaidika, kama wamefaidika, kwa njia ya pembeni. Tafiti nyingi za 1982 na miaka iliyofuata zilihusu damu ambayo bibi hangepewa leo hata kama angeiomba.

Wako waliojaribu kujumlisha kila kitu. Mwaka 2006 Waitalia wawili, Amato na Pescatori, walikusanya tafiti 36 zenye wagonjwa 12,127. Uwezekano wa saratani kurudi ulikuwa juu zaidi kwa walioongezewa damu, lakini waandishi wenyewe walikiri kwamba hawawezi kusema damu ndiyo sababu. Mwaka 2012 madaktari wa Nottingham walijumlisha tafiti 55 na wagonjwa 20,795, wakaona mwelekeo ule ule. Ukikusanya hesabu za kijiji kile cha mganga kutoka vijijini 55, bado ni hesabu za mganga. Hiyo ni hukumu yetu sisi, na mwalimu mmoja aliyesoma rasimu hii alituambia tumekuwa wakali kidogo, kwa kuwa baadhi ya tafiti zilijitahidi kusawazisha tofauti za wagonjwa. Tumelikubali nusu yake.

Kilichobadilika kwa hakika ni mazoea ya wodini. Zamani mgonjwa akionekana mweupe wa ulimi kabla ya operesheni, alitundikiwa chupa mbili ili apate rangi. Mwongozo wa taifa wa 2015 unaelekeza kungoja mpaka wekundu wa damu ushuke hadi gramu 70 kwa lita kwa mgonjwa asiyevuja damu nyingi na asiye na shida ya moyo, na kutoa chupa moja kisha kupima tena. Na badala ya kungoja siku ya kisu, hospitali zikaanza kuwapa wagonjwa madini ya chuma kwa dripu wiki kadhaa kabla, kwa hoja kwamba mwili ujitengenezee damu yake. Hoja nzuri, inapendeza masikioni. University College London iliongoza utafiti wa kuijaribu katika hospitali 46 za Uingereza: watu 487 wenye upungufu wa damu, wanaongojea upasuaji mkubwa wa tumbo, wengine wakapewa chuma na wengine dripu tupu. Lancet ikachapisha mwaka 2020. Walioongezewa damu au kufariki walikuwa asilimia 29 upande wa chuma na asilimia 28 upande wa dripu tupu. Ila waliopata chuma walirudishwa hospitalini mara chache zaidi katika wiki za baadaye.

Hayo ndiyo tuliyomkabidhi mwenzetu. Tulikaa naye jioni nzima tukiandika kwa Kiswahili sentensi atakazomwambia bibi, na ilikuwa kazi ngumu kuliko mtihani wowote wa tafsiri tuliowahi kufanya. Kiingereza husema hatari iko "juu" na mtu akaelewa. Kwa Kiswahili bibi atauliza juu ya nini. Mwishowe karatasi ikawa na mambo machache. Kwamba walioongezewa damu wamerudiwa zaidi. Kwamba ni wao pia waliokuwa wagonjwa zaidi tangu mwanzo, na waliorudishiwa damu yao wenyewe hawakunusurika zaidi. Kwamba damu ya siku hizi huchujwa. Kwamba daktari hatampa mpaka iwe lazima.

Alimsomea Ijumaa baada ya chakula. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Na kama nikiikataa nikafia pale mezani, hiyo saratani itamrudia nani?" Kisha akasema mwambie daktari nimekubali, lakini wasiharakishe.

Tuongeze jambo lililotupata njiani. Watatu wetu, kwa kuchemka na habari za Percy Oliver, tulikwenda kuchangia damu. Mmoja alikataliwa kwa muda kwa sababu alikuwa ametoka Mombasa likizo, na mwenye kutoka kwenye malaria husubiri miezi. Wawili waliobaki waliambiwa wanatafutwa sana. Zaidi ya nusu ya watu weusi wanaochangia wana aina ya damu inayoitwa Ro, iliyo nadra kwa wachangiaji wengine, na wagonjwa wa selimundu wa London, ambao wengi ni watu wetu, huihitaji mara kwa mara maisha yao yote. Tulipomweleza bibi habari hii alitaka kujua kama yake ni Ro. Hatukujua.

Alipewa dripu ya chuma wiki tatu kabla. Siku ya operesheni walimwekea chupa mbili za damu kwenye jokofu, zenye kundi lake, na hazikutumika. Alipozinduka, mara tu alipoweza kusema, aliuliza zile chupa zake mbili wamepewa nani. Muuguzi alimwambia zimerudishwa, atapewa mwingine atakayezihitaji, na bibi akataka mjukuu amtafsirie mara mbili.

Sasa yuko nyumbani. Anaamini kwa dhati kwamba kilichomwokoa na damu ya watu ni ile dripu, ambayo anasema ilikuwa na rangi ya chai ya mkandaa. Mwenzetu alianza kumweleza utafiti wa mwaka 2020, hospitali 46, wagonjwa 487, dripu tupu na dripu ya chuma. Alifika kwenye asilimia 29 na 28, bibi akamkatiza amwambie wali umeshaiva.